Charles Gilpin: Mfalme wa jukwaani aliyerudi kuendesha lifti

Msikilizaji wetu, unajua mchezo wa redio unavyoweza kumshika mtu. Sauti moja kwenye kipaza sauti, ngoma nyuma yake, na mama aliyeko jikoni anasahau kwamba ameacha ugali motoni. Katika makala hii tunamwangazia mtu aliyefanya jambo kama hilo mjini New York mwaka 1920, kabla redio haijaingia majumbani. Alikuwa na sauti yake, ngoma na giza la jukwaa, na jiji zima likamzungumzia.

Jina lake ni Charles Sidney Gilpin. Ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kusifiwa na Marekani nzima kwa kubeba uhusika mkuu katika tamthilia nzito, isiyo ya kuchekesha. Miaka michache baadaye uhusika huo ukapewa mtu mwingine, na yeye akarudi kufanya kazi ya kupandisha na kushusha watu ghorofani. Chanzo kikubwa cha mgogoro wake na mwandishi wa tamthilia kilikuwa neno moja ambalo hakutaka kulitamka.

Kwa ufupi

Alizaliwa: 20 Novemba 1878, Richmond, jimbo la Virginia, Marekani
Kazi: mwigizaji wa jukwaani na mwimbaji
Anakumbukwa kwa: uhusika wa Brutus Jones katika tamthilia ya The Emperor Jones, 1920
Tuzo: Medali ya Spingarn, 1921
Alifariki: 6 Mei 1930, Eldridge Park, jimbo la New Jersey, akiwa na miaka 51

Mtoto wa Richmond

Gilpin alizaliwa miaka 13 baada ya utumwa kukomeshwa nchini Marekani. Richmond ulikuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita ili utumwa uendelee. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha chuma na mama yake alikuwa muuguzi. Familia ilikuwa kubwa na kipato kilikuwa kidogo.

Alisoma katika shule ya Kikatoliki ya watoto weusi, na huko ndiko alikoanza kuigiza katika michezo ya shule. Akiwa na miaka kama 12 hivi aliacha masomo akaenda kujifunza kazi ya uchapaji katika gazeti la Richmond Planet, lililomilikiwa na watu weusi. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi moja moja mpaka ukurasa ukamilike. Hivyo kabla hajawa mtu wa kutamka maneno jukwaani, alikuwa ameyashika kwa vidole.

Katika miaka hiyo majimbo ya kusini yalikuwa yakitunga sheria za kuwatenga weusi na weupe kwenye treni, shuleni na katika kumbi za starehe. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu utengano huo. Mtu mweusi aliyekwenda kutazama mchezo wa kuigiza mara nyingi alipelekwa kukaa juu kabisa, mbali na jukwaa, hata kama alikuwa na fedha za kulipia kiti cha mbele.

Jukwaani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mchezo ukihitaji mtu mweusi mwenye maneno mengi, kwa kawaida walimchukua mwigizaji mweupe wakampaka masizi usoni. Masizi hayo yalikuwa sare ya biashara ya kuwacheka watu weusi. Hata wachekeshaji weusi walitakiwa kujipaka ili watazamaji weupe wawakubali. Bert Williams, mchekeshaji mkubwa kabisa wa zama hizo, alijipaka masizi karibu maisha yake yote ya kazi.

Miaka 20 ya kuhangaika

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 Gilpin alianza kuzunguka na vikundi vya maonyesho. Alicheza kwenye maonyesho ya kijijini na popote walipomlipa. Kikundi kikivunjika njiani, jambo lililokuwa la kawaida, kila mmoja alitafuta nauli yake ya kurudi nyumbani. Gilpin alijua kazi nyingi za kumvusha katika siku kama hizo. Aliwahi kuwa mpiga chapa, kinyozi, mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni na mwendesha lifti.

Tuseme kidogo kuhusu kazi hiyo ya mwisho. Lifti za wakati huo hazikuwa na vitufe vya kubonyeza kama za leo. Kulikuwa na mtu ndani yake, amevaa sare, akishika usukani wa kuipandisha na kuishusha, akifunga na kufungua mlango, akiuliza kila anayeingia anakwenda ghorofa ya ngapi. Katika miji ya Marekani, kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na weusi.

Mwaka 1903 alijiunga na kikundi cha waimbaji kilichofanya kazi Canada. Baadaye alikuwa katika kampuni ya Bert Williams na mwenzake George Walker. Mwaka 1907 akaingia Pekin Theatre mjini Chicago. Ukumbi huo ulimilikiwa na mtu mweusi, Robert Motts, na ulikuwa na kundi lake la kudumu la waigizaji weusi. Hapo Gilpin alipata kile alichokosa kwa muda mrefu, yaani nafasi ya kuigiza watu wa kila aina na kujifunza ufundi kwa kuufanya.

Mwaka 1915 mwigizaji Anita Bush alianzisha kundi lake huko Harlem, mtaa wa weusi mjini New York. Gilpin alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo. Kundi likahamia Lafayette Theatre na likajulikana kama Lafayette Players. Walikuwa wakibadilisha mchezo kila wiki. Hebu fikiria kukariri mchezo mpya wakati jioni unaigiza mwingine. Katika mchezo mmoja Gilpin alipewa uhusika wa tajiri mweupe mwenye roho mbaya, akajipaka rangi nyeupe usoni. Ilikuwa kinyume kabisa cha desturi iliyozoeleka.

Hakukaa sana. Aliondoka kwa sababu ya mvutano kuhusu mshahara. Tabia hiyo ya kutokubali kupunjwa tutakutana nayo tena mbele.

Desemba 1919 alipata nafasi Broadway, eneo la kumbi kubwa za New York, katika tamthilia ya Abraham Lincoln iliyoandikwa na Mwingereza John Drinkwater. Gilpin aliigiza mhubiri mweusi aliyekwenda kuonana na Rais Lincoln. Nafasi ilikuwa fupi, lakini watu wa tamthilia walimwona na wakamkumbuka.

Usiku wa ngoma

Mwaka 1920 mwandishi kijana, Eugene O'Neill, alimaliza tamthilia aliyoiita The Emperor Jones, yaani Mfalme Jones. Aliipeleka kwa Provincetown Players, kundi dogo lililofanya maonyesho katika mtaa wa Greenwich Village. Ukumbi wao ulikuwa jengo dogo lisilo na fahari yoyote.

Hadithi yenyewe ni hii. Brutus Jones ni Mmarekani mweusi aliyekuwa mhudumu wa treni. Amemuua mtu kwenye kamari ya dadu, amefungwa, amemuua askari jela na kutorokea kisiwa kimoja cha Karibi. Ndani ya miaka miwili amejifanya mfalme. Amewaaminisha watu wa kisiwa kwamba risasi ya kawaida haimuui, ila risasi ya fedha. Anawatoza kodi hadi wamechoka. Siku tamthilia inapoanza watu wamehamia milimani, na ngoma imeanza kulia.

Jones anakimbilia msituni usiku. Ana bastola yenye risasi tano za kawaida na moja ya fedha. Kila anaposonga mbele anatokewa na jambo: kwanza hofu zake mwenyewe, kisha mtu aliyemuua, kisha askari jela, kisha mnada wa watumwa ambamo yeye ndiye anayeuzwa, kisha ndani ya jahazi la watumwa, na mwisho mganga wa Kongo na mamba mkubwa mtoni. Anafyatua risasi moja baada ya nyingine. Alfajiri anajikuta amezunguka na kurudi pale pale alipoingilia msitu. Watu wa kisiwa wameyeyusha fedha wakatengeneza risasi zao, na wanamuua.

Kwa sisi watu wa redio, ngoma ndiyo inayotuvutia zaidi. Mwandishi aliagiza ianze kwa mwendo wa mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia, mapigo 72 kwa dakika. Kisha iendelee bila kukoma, ikiongezeka kasi kidogo kidogo, mpaka Jones anapokufa. Mtazamaji aliketi gizani akihisi moyo wake mwenyewe unaifuata.

Sehemu kubwa ya tamthilia Jones yuko peke yake akizungumza. Mwigizaji akiwa dhaifu, hakuna mwingine wa kumshikilia. Katika kundi palikuwa na mazungumzo ya kumpa nafasi hiyo mtu mweupe wa kupakwa masizi, kama ilivyokuwa desturi. Wengine walisisitiza atafutwe mwigizaji mweusi, na Gilpin akapatikana.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 1 Novemba 1920, Gilpin akikaribia kutimiza miaka 42. Foleni zikajaa mtaani. Kabla mwaka haujaisha mchezo ulihamishiwa Broadway. New York peke yake ulionyeshwa mara 204, kisha Gilpin akazunguka nao miji mingine ya Marekani.

Chakula cha jioni kilicholeta mzozo

Mapema mwaka 1921 chama cha Drama League cha New York kilitaja watu 10 waliofanya mengi zaidi kwa ajili ya tamthilia msimu ule. Gilpin alikuwa mmoja wao, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Kwa kawaida waliotajwa walialikwa kwenye chakula cha jioni.

Hapo ndipo wasiwasi ulipozuka. Baadhi ya watu hawakutaka kuketi meza moja na mtu mweusi, na ikapendekezwa asialikwe. Habari zikafika magazetini. O'Neill na wasanii wengine wakapinga, na baadhi ya waliotajwa wakasema Gilpin asipoalikwa nao hawatakwenda. Chama kikarudi nyuma. Gilpin alihudhuria, na ukumbi ukampigia makofi kwa muda mrefu.

Mwaka huo huo chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilimtunukia Medali ya Spingarn, tuzo iliyokuwa imepewa msomi W. E. B. Du Bois mwaka uliotangulia. Rais Warren Harding naye alimpokea Ikulu ya Marekani.

Katikati ya sifa hizo Gilpin alisema wazi jambo lililomsumbua. Alisema kwamba mzungu aliyefanikiwa kiasi kile angepata milango mingi ya kuingia, lakini yeye akijiuliza baada ya hapa anakwenda wapi, haoni. Wakati huo watu walimsikiliza kama mtu mwenye hofu ya bure. Haikuchukua muda akaonekana alikuwa sahihi.

Neno ambalo hakutaka kulitamka

Katika maandishi ya O'Neill, Brutus Jones hutumia mara nyingi lile tusi la Kimarekani la kumdhalilisha mtu mweusi, neno ambalo leo magazeti mengi hayaliandiki kwa ukamilifu. Hatutaliandika hapa. Siku za mwanzo Gilpin alilitamka kama lilivyoandikwa. Lakini usiku baada ya usiku, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa weupe, alianza kulibadilisha. Mahali pake aliweka maneno ambayo wakati huo yalikuwa ya heshima.

O'Neill alikasirika. Kwake yeye maneno ya tamthilia yalikuwa mali yake, na mwigizaji hakuwa na ruhusa ya kuyagusa. Alilalamika pia kwamba Gilpin alikuwa akinywa pombe na kwamba sifa zimempanda kichwani. Gilpin kwa upande wake aliamini kwamba O'Neill aliandika tu, lakini mtu aliyempa Jones pumzi ni yeye, na kwa hiyo Jones ni wake.

Tukiwa watu wa kazi ya sauti tunazielewa pande zote mbili. Mwandishi ana haki ya kuona maneno yake yanafika kama alivyoyaandika. Lakini O'Neill aliliandika neno lile mara moja mezani kwake. Gilpin alitakiwa kulitoa mdomoni mwake mamia ya mara, kisha atoke nje na kulisikia barabarani akiitwa yeye. Mzigo haukuwa sawa.

Jambo jingine ni la sisi Waafrika. Afrika inayoonekana katika tamthilia ile, ya mganga anayeruka na mungu mamba, ilitoka katika mawazo ya mwandishi wa New York. Weusi wa Marekani walikuwepo walioisema vibaya tamthilia hiyo tangu mwanzo, kwa sababu mtu mweusi wake ni muuaji na mlaghai anayerudishwa porini. Wengine waliipenda kwa sababu hatimaye mtu mweusi alisimama katikati ya jukwaa kama binadamu mwenye hofu, akili na majuto. Gilpin alifanya kazi katikati ya hoja hizo mbili.

Nafasi inakwenda kwa Robeson

Mwaka 1924 tamthilia iliporudishwa jukwaani New York, O'Neill alimchagua kijana msomi wa sheria mwenye sauti nzito, Paul Robeson. Mwaka 1925 Robeson akaipeleka London, na mwaka 1933 akaigiza katika filamu yake. Huyu ndiye Robeson ambaye katika miaka ya 1930, akiishi London, alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo.

Gilpin alibaki akitafuta kazi. Mwaka 1926 aliigiza katika filamu isiyo na sauti, Ten Nights in a Barroom, iliyotengenezwa Philadelphia na kampuni iliyotumia waigizaji weusi. Alianza pia kazi ya filamu ya Uncle Tom's Cabin huko Hollywood, lakini nafasi ikaishia kwa James B. Lowe. Mwaka huo huo wa 1926 alirudia uhusika wa Jones mjini New York.

Kisha sauti ikamwacha. Mtu aliyejaza ukumbi kwa koo lake, ngoma ikimkimbiza, hakuweza tena kuibeba tamthilia. Mshahara wa jukwaani ulipokatika alirudi kwenye ile kazi aliyoijua zamani, lifti. Alifariki tarehe 6 Mei 1930.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Gilpin alicheza kwao, na wakamtunza kwa msimu mmoja. Miaka mingi baadaye O'Neill mwenyewe, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1936, alikiri kwamba kati ya waigizaji wake wote, Gilpin ndiye aliyemtoa mhusika kamili kama alivyomwona akilini. Wakati huo Gilpin alikuwa kaburini.

Jina lake na neno letu

Kuna alama moja aliyoiacha ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja. Mjini Cleveland, jimbo la Ohio, palikuwa na kituo cha jamii kilichoanzishwa mwaka 1915, na ndani yake kikundi cha weusi waliokuwa wakiigiza kwa kupenda tu. Gilpin alipopita mjini na The Emperor Jones aliwatembelea na kuwatia moyo, akiwahimiza watafute tamthilia ndani ya maisha yao wenyewe. Wakabadilisha jina la kikundi na kujiita Gilpin Players.

Mwaka 1927 kikundi hicho kilifungua ukumbi wake wa maonyesho, wakatafuta jina la Kiafrika. Walichagua Karamu. Wao hulieleza kama mahali pa kukusanyika kwa furaha. Sisi tunajua karamu ni shughuli yenyewe ya kula na kunywa pamoja, lakini nia yao tunaielewa. Baadaye kituo chote kikaitwa Karamu House. Katika miaka ya 1930 Gilpin Players walionyesha hapo tamthilia za Langston Hughes, mshairi mkubwa aliyesoma shule ya sekondari mjini Cleveland. Karamu House bado ipo, na inatajwa kuwa jumba la tamthilia la weusi lililodumu kuliko yote nchini Marekani.

Kwa hiyo mtu ambaye mwaka 1921 walibishana kama aketi mezani au la, aliacha wanafunzi waliofungua nyumba inayoitwa Karamu.

Kwa wasikilizaji wetu walio katika vikundi vya maigizo vijijini, wale wanaocheza kwenye mikutano ya afya na sherehe za shule bila malipo zaidi ya soda, tunaona historia hii inawahusu. Kabla ya usiku ule wa Novemba 1920, Gilpin alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kazi ambayo karibu hakuna mkosoaji aliyeiandika. Alipopata nafasi yake, ufundi ulikuwa tayari.

Miaka ya kukumbuka

1878: Anazaliwa Richmond, Virginia
1907: Anajiunga na Pekin Theatre, Chicago
1915: Anaingia kundi la Anita Bush, Harlem
1919: Anapata nafasi Broadway katika Abraham Lincoln
1920: Anaigiza Brutus Jones katika The Emperor Jones
1921: Anatajwa na Drama League na kupewa Medali ya Spingarn
1924: Nafasi ya Jones inakwenda kwa Paul Robeson
1926: Filamu ya Ten Nights in a Barroom, na kurudi kwake katika uhusika wa Jones
1927: Gilpin Players wanafungua ukumbi wa Karamu, Cleveland
1930: Anafariki New Jersey